Hooyo, Wananizuia kwa Kifo Chako

Hooyo, mama yangu uliyenitangulia,

Nimeinuka mara nyingi kabla ya kuandika mstari huu. Nimefagia ua uliokuwa umeshafagiwa, nimemfukuza mbuzi wa jirani ambaye hakuwa na kosa, nimejaza maji pipani mpaka yakamwagikia miguu yangu. Kesho asubuhi natakiwa kuripoti hospitalini hapa Garissa, na Jumanne, Mungu akipenda, nitakatwa titi la kushoto. Nina kansa. Najua neno hili hatulisemi nyumbani kwetu. Mimi nimelisema mara nyingi mwaka huu hata limeanza kunizoea.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua utacheka. Nilikulilia kwa Kisomali nikiwa mchanga, na ndicho ninachoombea dua. Lakini Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya kusengenyea watu. Wewe ulikiokota sokoni, ukiwauzia maziwa ya ngamia walimu na askari waliotoka bara. Mimi nilikipata shuleni, na leo ndicho ninachofundisha hapa mtaani Galbet. Wageni kutoka malishoni walipojaa sebuleni, watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, ungenigeukia na uso wa mtu anayeomba chumvi, useme taratibu, "Sahra, hii mzee ataondoka lini? Amekunywa chai yote, sasa anataka kunywa birika." Nami ningekimbilia jikoni nisije nikamcheka mgeni usoni. Tangu uondoke sina mtu wa kusengenya naye. Nina mengi kifuani, na mengine, kama utakavyoona, yanakuhusu wewe.

Ulianza kwa nyama. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilifurahi. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Mandera nilikokuwa nikifundisha, na kila tulipokaa kula ulikuwa ukitoa mnofu wako na kuuweka mbele yangu. "Kula, hooyo, mimi nimeshiba," ukisema, ukiniita mimi hooyo kama akina mama wote wa kwetu wanavyowaita watoto wao kwa jina lao wenyewe. Nikala. Baadaye ukaanza kulowesha anjera kwenye chai mpaka ilainike kabisa. Baadaye ukaiacha anjera, ukabaki na maziwa. Ukasema ni meno. Ulikwenda kwenye zahanati ukamwambia mhudumu, "Chakula inafika hapa, inasimama. Haibiti." Akakupa dawa ya tumbo, ukainywa na kushukuru.

Ndipo mdogo wako, mama yangu mdogo Habaryar Dekha, akakupeleka Modogashe kwa mzee mmoja anayetibu kwa moto. Kwetu moto ni dawa ya zamani. Mtu akiumwa na jambo lisiloeleweka, anachomwa kwa kijiti chenye kaa mahali panapouma, na maumivu mapya yanatarajiwa kuyafukuza ya zamani. Ulirudi umejifunga shuka kifuani, ukitembea wima kama uliyevaa mbao. Nilipotaka kukuona ulinipiga kofi mkononi, kofi la utani lakini la kweli. Sikuona kitu.

Mwisho kaka yangu Abdullahi akakupeleka Nairobi. Kule, kama ninavyoelewa sasa, walikuingiza mpira wenye taa kooni, wakachukua kipande kidogo cha kupima. Majibu akapewa yeye. Aliniambia mimi ni vidonda vya tumbo, na wewe alikwambia hivyo hivyo, kwa sababu kwetu mgonjwa hatajiwi ugonjwa kama huo. Tunasema ukimtajia, umemwua kabla ya siku yake. Kaka hakuwa mwongo. Alikuwa mtoto mwenye adabu anayemfichia mama yake mlango wa kaburi.

Lakini wewe hukuwa mjinga. Siku moja asubuhi sebule ilikuwa imejaa watu waliokuja kukuona. Ulikuwa umeegemea mto, sauti imekwisha, na kati ya dua na dua ukaniita. Ukasema kwa Kiswahili, polepole, kama zamani tulipowasengenya wageni, "Sahra. Hii ugonjwa yangu iko na jina. Hawa watu wote wanajua jina yake. Mimi tu ndiyo sijui." Nikakwambia sijui, na kweli sikujua. Tukatazamana. Sikumbuki siku nyingine tuliyosema Kiswahili bila kucheka.

Mvua za msimu ule hazikukukuta. Baada ya mazishi ndipo kaka aliponitajia lile jina: kansa ya koo.

Msiba ulipoanza, kila aliyeingia alimwuliza kaka, ilikuwaje? Kaka alikuwa amekaa nje ya chumba kile cha Nairobi, hakuruhusiwa kuingia. Alichokiona ni wewe kutoka na damu kidogo pembeni mwa mdomo. Akawaambia waombolezaji, walimwingiza chuma. Aliyekaa karibu akasema walimkata. Wa nyuma yake akasikia walimpasua. Habari ilipofika Kutulo kwa watu wa baba, ilikuwa tayari umefunguliwa kifua kizima, hewa ikaingia, ugonjwa ukakasirika na kutapakaa. Hata kaka, kwa kuisikia kila mara, akaiamini. Nilimsikia mara nyingi akisimulia na kujichora kwa kidole kuanzia shingoni hadi juu ya kitovu. Mimi nikaiamini pia. Kwa nini nisiamini? Yeye ndiye aliyekuwepo.

Basi wewe, mwanamke uliyeuza maziwa na kuogopa kupanda ngazi, ukawa ushahidi. Kila mtu wa ukoo wetu akishauriwa upasuaji, hata wa busha, yuko atakayesema, "Mnakumbuka mama yake Abdullahi?" Na mazungumzo yanakwisha hapo.

Nimeinuka tena. Nimerudi. Nilidhani simu imelia, kumbe ni ya jirani.

Uvimbe wangu niliuona mwenyewe, nikijitayarisha kwenda kazini, nikipitisha mkono chini ya kwapa. Ulikuwa na ukubwa wa limau. Sitasema sikuogopa. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nusu ya mwili imevaa na nusu haijavaa, nikawaza: Hooyo, kumbe umenirithisha. Nilimwambia daktari hivyo. Ni kijana wa kutoka magharibi, ndevu zake zinahesabika, na ana tabia ya kuchora anachokieleza. Akaniambia, "Mwalimu, mama yako alikuwa na ya koo. Yako ni ya titi. Huo ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Yanaitwa jina moja tu, kama vile Mohamed wa Garissa na Mohamed wa Mombasa." Nilitaka kumkumbatia, kama ingekuwa halali.

Siku ya majibu nilikwenda na kaka, kwa sababu tangu Yusuf mume wangu afariki, yeye ndiye msemaji wangu. Daktari akafungua faili, akanitazama, kisha nikaona macho yake yakienda kwa kaka. Nikageuka haraka. Kaka alikuwa ametikisa kichwa kidogo, vile vile, nina hakika, alivyotikisa Nairobi. Hasira iliyonipanda sijui ilitoka wapi. Nikasema, "Daktari, titi ni langu. Niambie mimi." Akaniambia. Kaka akafunika uso kwa kilemba chake, nami nikamwuliza daktari maswali mpaka akaishiwa karatasi ya kuchorea.

Unajua kitu gani kimebadilika? Wewe ulipougua, kila kitu kilikuwa Nairobi: kipimo, jibu, hata tumaini. Sasa dawa ya kansa naipata hapa hapa mjini. Ninatoka nyumbani kwa miguu, nakaa kwenye kiti, natundikiwa chupa, narudi nyumbani kabla ya alasiri. Moja ya hizo dawa ni nyekundu kama sharbati ya Ramadhani. Nywele zilianguka zote pamoja na nyusi. Kucha zikawa nyeusi. Kinywa kilichubuka, nikawa nakula kama wewe, uji na maziwa, na siku hizo nilikuwaza sana na kulia sana. Kisha vidonda vya kinywa vilipona. Nikaanza tena kula nyama, nami kila mnofu niliomeza niliusikia ukishuka hadi chini, nikawa nasema alhamdulillahi kwa sauti mezani kama mwehu.

Na uvimbe ulipungua. Limau likawa ndimu, ndimu ikawa punje ya dengu. Mara ya mwisho daktari aliutafuta kwa vidole, akafumba macho, akautafuta tena.

Kwenye chumba kile cha dripu nina rafiki, Fadumo, mkimbizi wa Dadaab. Alianza kabla yangu, ameshafanyiwa upasuaji, sasa anakuja kuchunguzwa tu. Ni mwenye maneno. Wauguzi anawasemesha Kiswahili chake cha kambini, "Sista, leo sindano bolebole, mimi si ngamia," na wote wanacheka. Siku nilipomweleza kwamba naogopa kisu, hakunipa hotuba. Aliuchukua mkono wangu, akauingiza chini ya shela yake, akauweka kifuani penye ubapa. "Shika," akasema. "Hakuna kitu. Na mimi niko." Nikabaki nimeshika. Chini ya ule ubapa moyo ulikuwa unadunda kawaida.

Sikudanganyi, wako pia tuliowazoea ambao hawaji tena. Ukiuliza, muuguzi anarekebisha mpira wa dripu ya mtu mwingine. Daktari naye hajaniahidi. Kila nikimbana ananiambia, "Nitakwambia ninachokiona. Nisichokiona sikwambii." Kwa hiyo usidhani nimelewa tumaini. Ninalo la kunitosha kuamka nalo, siku nyingine halitoshi.

Lakini nyumbani, Hooyo! Nyumbani mimi ni maiti.

Habari za nywele zilipofika kwa ndugu, walianza kuja. Unaujua utaratibu wetu: mtu akiwa anaondoka duniani, watu wanakwenda kuombana radhi, kusudi asichukue kinyongo hadi huko. Ni desturi nzuri, sina ubishi nayo. Lakini mimi nilikuwa ndiyo kwanza naongeza uzito! Walikuwa wanaingia na nyuso ndefu, wanakaa, wanavuta pumzi, wanasema, "Sahra, kama nimewahi kukukosea, nisamehe." Mmoja, sikutajii jina kwa sababu unamjua, ambaye tulinuniana kwa miaka kwa sababu ya ukuta wa mpaka, alilia mpaka nikampa kitambaa changu. Nikamwambia, "Ukuta ule bado umeingia kwangu. Nikipona tutauongelea." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwachia mtoto aseme anavyotaka. Wengine walinisomea Yasin, sura ya wanaokata roho, huku mimi nawakorogea chai. Hakuna aliyeniuliza dawa inafanyaje kazi. Niliwaambia mwenyewe, uvimbe umepungua, na jibu lilikuwa moja: Mungu akurehemu.

Kisha akaja Habaryar Dekha kutoka Modogashe. Kama ujuavyo, miaka yote hii yeye ndiye muosha maiti wa kike. Wanawake wa pande zile, na wengi wa Garissa, wakifa wanampigia simu. Alinikuta nakula wali na nyama ya mbuzi, kinywa kimejaa. Akakaa karibu nami, akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Ilikuwa sanda. Ile aliyoletewa kutoka Maka, iliyoloweshwa maji ya Zamzam, aliyokuwa akijiwekea yeye mwenyewe. "Nakupa wewe," akasema. "Mimi nitapata nyingine."

Nikameza. Nikamwambia, "Habaryar, niache nimalize wali."

Alikuwa hatanii, na ndiyo iliyoniuma. Alinipa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo. Yule anipendaye kuliko wote katika ukoo huu ndiye aliyekata tamaa kuliko wote. Nilitaka kumrushia ile sanda na nilitaka kulala mapajani pake. Sikufanya lolote. Nilikula wali wote, ingawa shibe ilinifika shingoni, ili tu anione nakula.

Jana alasiri wakakaa kikao. Sebuleni kwangu, kwenye mikeka yangu, kuhusu titi langu. Kaka alikuwa amevaa koti, nikajua mambo ni mazito.

"Tumekaa, tumeamua," akasema. "Dawa umekunywa, tumekuachia. Kisu hapana. Jumatatu kuna gari linakwenda Kutulo. Kule mvua imenyesha, ngamia wana maziwa, utapumzika, utasomewa Kurani."

"Nipumzike hadi lini?"

Akafunga kifungo cha koti.

"Nakuuliza, kaka. Hadi lini? Nyinyi hamnipeleki Kutulo kupona. Mnanipeleka kufa mahali penye maziwa."

Watu wakasema astaghfirullahi. Kaka akasimama. Nilidhani atanifokea, nilikuwa nimejiandaa kabisa, maneno yapo kwenye ncha ya ulimi. Badala yake machozi yalimtoka. "Nilimpeleka Hooyo akitembea kwa miguu yake," akasema. "Nikamrudisha nimembeba. Mikono yangu hii. Wewe sikupeleki. Tafuta mwingine wa kukupeleka, lakini mimi sikupeleki."

Ningeweza kubishana na ukali wake. Na yale machozi nilishindwa. Kutia saini naweza, mimi ni mtu mzima, daktari amenieleza. Lakini nikitoka kwenye kisu nitarudi kwa nani? Nani atachangia damu? Nani atanipeleka Nairobi kwa mionzi, kama nitahitajika kwenda? Na kumwacha kaka akilia sebuleni, niende nikakatwe peke yangu kama mwizi, moyo wangu haukunipa. Nakwambia ukweli, Hooyo: hapo jana, kwa muda, nilishindwa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nguo gani nipakie za Kutulo.

Habaryar Dekha muda wote alikuwa anavuta tasbihi. Akaiweka chini.

"Abdullahi," akasema, "walimpasua wapi?"

"Nani?"

"Dada yangu. Mama yako. Unasema walimpasua. Wapi?"

Kaka akajichora kwa kidole, shingoni hadi juu ya kitovu, kama siku zote.

Habaryar akatazama ule mkono wake mpaka akaushusha. Kisha akaanza kuongea kwa sauti ndogo. Alisema kwamba muosha maiti ana amana. Analoliona kwenye mwili anakwenda nalo, halisemi kwa mume wala kwa mwana. Ameosha wanawake wengi wa mji huu na hajawahi kutaja hata baka. Akasema amekaa siku zote za wiki hii akimwomba Mungu amwonyeshe kama amana hiyo inamlazimu pia kumwacha binti wa dada yake afe.

"Mimi ndiye niliyemwosha," akasema. "Nilipitisha mkono huu kifuani, tumboni, mgongoni. Hakuwa na mshono. Hakuwa na kovu la kisu, hata la kucha. Kisu hakikumgusa yule mwanamke, Abdullahi. Alama alizokuwa nazo ni za moto, nazo nazijua kwa sababu nilimshika mikono mimi, kule Modogashe. Alilia, nikamwambia vumilia." Akaiokota tasbihi. "Aliuawa na ugonjwa na njaa. Alikuwa mwepesi. Kwa kawaida tunageuza maiti tukiwa watatu au wanne. Yeye nilimgeuza peke yangu."

Hooyo, sijui kama ulitaka haya yasemwe. Mimi mwenyewe nilihisi kama mtu amekufunua shuka mbele ya wageni, nikataka kusimama nikufunike. Kaka alitoka nje akasimama akiutazama ukuta, viatu hajavaa, kwenye mchanga ule unaounguza. Alisimama muda mrefu. Aliporudi hakusema ndiyo. Aliuliza tu, akitazama chini, "Hao watu wa damu, wanataka ndugu wangapi?"

Usiku ule ule alikwenda kuwatafuta, na leo asubuhi amenipigia simu mara mbili kuniuliza kama mgonjwa wa upasuaji anaruhusiwa kula tende. Kesho yeye ndiye atakayenichukua. Habaryar atalala nami hospitalini. Amesema wauguzi wa siku hizi ni watoto, hawajui kumgeuza mtu.

Ingekuwa hadithi ningesema basi, nikatulia. Sijatulia. Nina hasira, na sijui niielekeze wapi. Nina hasira na Habaryar kwa kunyamaza, na namheshimu kwa hilo hilo. Nina hasira na kijiti cha Modogashe. Nikifumba macho naona unavyotembea wima, shuka limekukaza, na wewe unanipiga kofi mkononi nisione. Zaidi ya yote nawawaza wanawake wengine. Wangapi katika mji huu wamebeba uvimbe chini ya nguo zao na kuunyamazia, kwa kuwa walisikia habari za kifua chako? Kifua ambacho hakuna aliyekipasua! Yuko binamu yetu mmoja aliyekataa kisu, akafa akaacha watoto wadogo. Alinitajia jina lako kwa kinywa chake. Nilimwambia, una haki ya kuogopa.

Ndiyo maana barua hii siifichi. Nimemwomba Habaryar ruhusa, na kaka pia. Habaryar alifikiri, akasema, "Andika. Mimi nimeshavunja, wewe okota." Kaka alisema niandike lakini nisiseme kwamba alilia. Niombee radhi kwake kwa hilo.

Sasa naogopa, acha niseme bila kuzunguka. Naogopa usingizi wa dawa. Naogopa kuamka na kupeleka mkono kifuani. Naogopa zaidi wasije wakafungua wakakuta mengine wasiyoyaona, kisha mimi nami nikawa hadithi, na miaka ijayo mtu akashauriwa upasuaji, mwingine akasema, "Mnamkumbuka Mwalimu Sahra?" Nikifa, Hooyo, nataka wajue nimekufa kwa kansa, wala si kwa kisu, na kwamba nilikwenda kwa hiari yangu. Nimeliandika hapa ili lisibadilike njiani hadi Kutulo.

Lakini sitaki kufa. Sikujua nataka kuishi kiasi hiki. Nataka kumaliza silabasi ya darasa la sita. Nataka kugombana juu ya ukuta ule hadi haki yangu ipatikane. Nataka nizeeke, niwe mwanamke mwenye kifua cha upande mmoja anayewafokea wajukuu wa kaka, na nywele hizi zinazoanza kuchipua, laini kama za mtoto mchanga, ziote mpaka nizipake hina.

Watu wote waliokuja hapa wameniombea nipokewe vizuri huko uliko. Wewe, kama dua za mama zinafika hata kutoka upande huo, niombee lingine. Niombee nikawie. Nitakuja, Hooyo, hakuna asiyekuja. Ila ukiwa umekaa huko unatazama njia, ukaona wengine wanafika na mimi sionekani, mwaka baada ya mwaka, usihuzunike.

Furahi.

Mwanao uliyempa minofu yako,
Sahra